Kompyuta Iliyoulizwa Nani Mwizi

Kazi yangu ni kujaribu milango ya watu. Si ya mbao. Ni ya mifumo ya kompyuta. Mwenye mfumo ananipa ruhusa, natafuta pa kuingilia kama ambavyo mwizi angetafuta, kisha namwonyesha pa kuziba. Hapa Kahama, ninapokaa Nyasubi, ukimweleza mtu kazi hiyo anakutazama kama umemwambia unaishi kwa kuhesabu kunguru. Mama yangu kule kijijini Samuye amekwishakata tamaa. Majirani wakimuuliza, anasema natengeneza simu.

Zamani ulikuwa unakaa na ukurasa mweusi, unaandika amri moja moja, chombo kinakutapikia mistari, unaisoma mpaka macho yanauma. Kisha wakaja hawa wasaidizi wa akili mnemba, na baadaye ikapatikana njia ya kuwaunganisha na vyombo vyenyewe. Nikamuunganisha wa kwangu na vyote nilivyonavyo: cha kupekua mtandao na kuona vifaa vilivyomo, cha kupima maneno ya siri dhaifu, cha kusoma kumbukumbu za nani aliingia na lini. Sasa naandika Kiswahili changu cha kawaida, "Angalia kuna nini kwenye mtandao huu," naye anachagua chombo, anakiendesha, anasoma majibu, ananieleza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wanasiasa wetu.

Nilifurahi, nitafichaje? Lakini niliogopa pia, maana ukimpa mtu nyundo lazima uangalie anagonga wapi. Nikamfunga kamba fupi. Asitoke nje ya anwani nilizompa. Asijaribu neno la siri lolote bila kuniomba kwanza. Hakuwahi kuvunja kitu. Siku hizi natamani angevunja, kwa sababu kilichovunjika hutengenezwa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ana mtambo wa kuchenjua marudio si mbali na Buseresere. Marudio ni mchanga ambao wachimbaji wameshauosha mara ya kwanza. Mjomba anaulaza kwenye matangi yenye dawa, na mkaa mweusi wanaouita kaboni unanasa dhahabu iliyobaki. Ni mzee wa kanisa, mtu wa koti la suti hata jua likiwa la kupasua mawe, na ni mtu mwema. Naliandika hili mapema kwa sababu huko mbele nitamsema.

Kwa wema wake huo, mjomba huajiri watu wa nyumbani. Kwenye mizani ya kupimia kaboni alimweka mama mmoja mjane kutoka kwetu Samuye. Kila mtu alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, nami jina hilo silitaji hapa. Limetajwa vya kutosha. Mumewe alimwachia shamba la pamba na mpunga, na shemeji zake wamelikodolea macho tangu mazishi. Wanasema mwanamke asiyekaa nyumbani hana haja ya ardhi. Wakati huohuo wanajua kwamba asipotoka kufanya kazi watoto hawasomi. Kila mwaka mvua zikikaribia alirudi, akalima, akapanda, akakabidhi palizi kwa dada yake, akarudi mtamboni. Shamba lile ndilo lililokuwa makazi yake, na hakuwa na pengine.

Mwaka jana kaboni ilianza kupotea. Si tanki zima, ni kidogo kidogo, na vipimo kwenye kompyuta vilikuwa vinakubali kwamba hakijapungua kitu. Mjomba alifunga kamera, akaajiri walinzi wengine, akaombea matangi kwa mafuta ya kanisani. Haikusaidia. Ndipo akanikumbuka.

"Mama," aliniambia kwenye simu. Ananiita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Njoo na hiyo kompyuta yako inayoongea."

Nilimwambia haiongei. Akasema sawa, njoo nayo hivyohivyo.

Nilifika asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniletea chai na viazi vitamu, kisha akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu. Kwa kawaida simruhusu mteja akae pale. Lakini ni mjomba, na utamwambiaje mjomba asikae kwenye kiti chake mwenyewe, ofisini kwake? Akamwita msimamizi wa matangi na mkuu wa walinzi, nao wakasimama nyuma yangu. Nilianza kuandika mbele yao, Kiswahili kitupu, na msaidizi akawa anajibu Kiswahili kitupu. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Laiti ningekuwa naandika zile amri za zamani, wangechoka mapema wakaenda zao.

Majibu yalikuwa ya aibu tu, hayakuwa ya ajabu. Fundi aliyefunga mfumo alikuwa amezipa akaunti zote neno la siri moja, lilelile la kiwandani, na hakuna aliyelibadilisha. Kamera, mizani, milango ya stoo, vyote vilikuwa kwenye mtandao mmoja na simu za walinzi na za kila mgeni aliyewahi kuomba kuunganishwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha walinzi langoni angeweza kuingia kwenye mizani, akabadilisha uzito, akatoka. Nilieleza. Wote watatu wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa.

"Vizuri," mjomba akasema. "Sasa iulize nani."

"Mjomba, haijui nani. Inajua mlango uko wazi tu."

"Imejua yote hayo, ishindwe hilo?"

Nikacheka. Nikasema nitaelezea vizuri nikirudi, nikatoka kwenda kutazama waya wa kamera kwenye tanki la mwisho, maana msaidizi alisema kamera hiyo haionekani. Nilimkuta fundi umeme, tukahangaika na waya ule uliotafunwa na panya. Niliporudi mjomba alikuwa amesimama, miwani mkononi, na wale wawili hawakuwa wanatazama kompyuta tena. Walikuwa wanatazama dirishani, upande wa mizani.

"Imesema," mjomba alisema.

Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: *Nani mwizi wa kaboni yangu.* Na jibu lilikuwa hapo chini. Nimelisoma mara nyingi sana tangu siku hiyo na mpaka leo sioni neno ambalo ningelibadilisha. Lilisema: Siwezi kusema ni nani aliyechukua kaboni. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba akaunti ya mizani ilitumika kubadilisha uzito, kupitia kifaa kisichojulikana. Mtu yeyote mwenye neno la siri angeweza kufanya hivyo. Tafadhali usimtuhumu mtu yeyote kwa msingi wa taarifa hii.

Akaunti ya mizani ilikuwa na jina la yule mama. Ni lazima iwe hiyo: anayetaka kuficha uzito ataingilia wapi kama si kwenye mizani?

"Mjomba, soma mstari wa mwisho."

"Nimeusoma," akasema. "Ndio hasa ulionionyesha."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu asiyekulia kwetu hataelewa, kwa hiyo nieleze. Mganga wa ramli anayejua kazi yake, nfumu kama tunavyomwita nyumbani, hataji jina. Anayetaja anakamatwa na serikali, na ndugu wa aliyetajwa wanamjia na mapanga. Anapasua kuku, anatazama ndani, anasema: ni mtu wa karibu. Ni mwanamke. Mikono yake inashika kitu cha kupimia. Kisha anasema, mimi sijamtaja mtu, msiende kufanya fujo. Jina mteja analimalizia mwenyewe njiani. Mganga anayetaja jina waziwazi ndiye anayeonekana tapeli. Yule anayekataa, anayekuonya usimguse mtu, huyo ndiye anayeaminika. Na msaidizi wangu, kwa uangalifu wote aliofundishwa huko alikotengenezwa, alikuwa amezungumza kama nfumu bora kuliko wote wa kanda hii.

Tena mjomba ni mzee wa kanisa. Kwa mganga asingeweza kukanyaga; angeonekana, angevuliwa uzee. Hapa alikuwa ameletewa ramli mezani, na mpwa wake aliyesoma, mchana kweupe, bila kuku wala dhambi.

Nilifanya kila nilichojua. Nilikaa, nikaingia kwenye mizani kwa jina la yule mama mbele ya macho yao, nikabadilisha uzito, nikaurudisha.

"Mmeona? Nimeingia kama yeye. Basi na mimi ni mwizi?"

"Wewe ni fundi, una dawa zako," mkuu wa walinzi alisema. "Hapa nani mwingine ana dawa?"

Nikamwagiza msaidizi amweleze mjomba, kwa maneno mepesi kabisa, kwa nini akaunti si mtu. Akaeleza vizuri, hata mimi nilijifunza. Alitoa mfano wa ufunguo mmoja uliochongwa mara nyingi ukagawiwa kijiji kizima. Mjomba alisoma polepole, akavua miwani.

"Ina huruma," akasema. "Inamlinda."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mjomba wangu, mtu niliyemwamkia asubuhi ileile, kwamba anafanya ujinga. Hakukasirika, na hilo lilinimaliza nguvu. Alinitazama kama wanavyomtazama nfumu ambaye mizimu imeshamtoka na sasa hakumbuki aliyoyasema.

Yule mama aliitwa. Aliingia akijifuta mikono, akapiga goti dogo, akanisalimia, "Mwangaluka, mwanangu," salamu yetu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa utosini. Mjomba hakumwambia ameiba. Alimwambia apumzike nyumbani kwanza, mambo yakitulia ataitwa.

"Mama, si wewe," nikasema.

"Kwani nani amesema ni yeye?" mjomba akauliza kwa upole.

Mama yule alitutazama mmoja mmoja, akaitazama kompyuta, akatoka kwenda kukusanya vitu vyake. Walinzi walimsindikiza chumbani, wakapekua mpaka godoro. Hawakukuta kitu, na kutokukuta kitu kukawa ushahidi kwamba ni mjanja.

Mimi nilibaki nikamaliza kazi iliyonipeleka. Nilibadilisha maneno yote ya siri, nikatenganisha mtandao wa mizani na ule wa simu, nikafunga akaunti zisizo na mwenyewe. Niliifanya kwa hasira na niliifanya vizuri. Nilifikiri: wizi ukiendelea, watajua hakuwa yeye, nikiziba na ukakoma, watajua shida ilikuwa matundu. Wizi ulikoma. Mjomba alinipigia simu kwa furaha. "Umeona? Tangu aondoke, hata chembe haijapotea." Nikamwambia ni kwa sababu nimeziba. Akasema, "Ndiyo mama, umeziba, Mungu akubariki." Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe alikuwa ananishukuru kwa wimbo.

Habari haikuhitaji basi kufika Samuye. Mama yangu alinipigia hata kabla sijafua nguo za safari.

"Ni kweli kompyuta yako imemtaja mke wa marehemu?"

"Haijamtaja mtu, mama."

"Wanasema ilikataa kumtaja. Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja."

Mama yangu! Aliyenifundisha kusoma kwa vibao vya maduka! Nilikata simu, nikapiga tena kuomba radhi, tukaongelea mbuzi wake.

Haikupita muda, shemeji wa yule mama wakaitisha kikao. Walidai kwamba mwizi aliyetajwa hawezi kukaa kwenye ardhi ya ndugu yao, kwamba atawaletea wenye dhahabu kuwachomea nyumba. Sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakakubali kusikiliza shauri. Yule mama alipopata taarifa alipanda gari mpaka Kahama, akauliza Nyasubi nzima kwa anayetengeneza simu, mpaka akanipata.

Nilimkaribisha, shikamoo, marahaba, maji ya kunywa. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata ningeyapokea kwa shukrani. Lakini aliweka mkoba wake sakafuni, akaitazama kompyuta iliyokuwa mezani.

"Mwanangu, na mimi nimekuja kuuliza. Iulize iseme si mimi. Nitarekodi kwenye simu, nikawasikilizishe."

Kwetu mtu aliyetajwa na mganga mmoja ana haki ya kwenda kwa mwingine. Yeye aliona hakuna mwingine, basi amerudi kwa huyuhuyu. Nilijaribu kumweleza, na nilipofika katikati niliona ananisikiliza kwa adabu tu, akingoja nimalize nimuulizie. Basi niliandika. Ningeweza kuandika kwa hila. Ningeweza kumwamuru msaidizi aigize, aandike "si yeye" kwa maneno mazito, nasi tungekuwa na ramli yetu dhidi ya ramli ya mjomba. Vidole vilikuwa juu ya herufi. Kisha nikafikiria, na kesho shemeji wakija na swali lao wenyewe? Ukishakubali kwamba kuku anajua, huwezi kuchagua anajua siku zipi.

Niliuliza kwa unyoofu. Msaidizi akajibu kwamba hana ushahidi kuwa mama huyu alichukua kaboni, na pia hawezi kuthibitisha kwamba hakuchukua, kwa kuwa kumbukumbu hazionyeshi mtu, zinaonyesha akaunti. Yule mama alisoma mwenyewe, midomo ikichezacheza.

"Imekataa," alisema.

"Haijakataa, mama. Haijui. Haijui chochote juu yako!"

"Ndiyo hapo sasa." Aliongea taratibu. "Angekuwa mganga, ningesema amehongwa na shemeji zangu. Angekuwa jirani, ningesema ana wivu. Hii haina shamba linalopakana na langu. Kama yenyewe isiyo na sababu ya kunichukia haiwezi kusema si mimi, atasema nani, mwanangu?"

"Mimi nitasema," nikajibu. "Nitakuja kwenye kikao."

"Wabeja," alisema. Alinishukuru kama mtu mzima anavyomshukuru mtoto aliyemletea kigoda.

Nilikwenda. Kikao kilifanyika darasani, shule ya msingi niliyosoma mimi, Jumamosi watoto hawapo. Wanaume walikaa kwenye madawati madogo magoti yakiwagonga videvu. Shemeji mkubwa alikuwa mbele, ameshika fimbo yake, mtulivu kabisa. Yule mama alikaa pembeni karibu na mlango na dada yake. Nilikuwa nimejiandaa usiku na mchana. Nilikuwa na mfano wa ufunguo, mfano wa zizi lisilo na lango, hata mfano wa ng'ombe wenye alama moja. Niliongea Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma, na nilidhani wananielewa, kwa sababu walikuwa kimya na mzee mmoja alikuwa anasema "gete, gete", yaani kweli kabisa, kila nikivuta pumzi.

Nilipomaliza, mkuu wa sungusungu aliinuka. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuelewa, nililiona hilo usoni mwake.

"Mwanetu, tumekusikia. Sisi hatujasoma, tusaidie kidogo. Hiyo kompyuta ilisema ni yeye?"

"Hapana. Haikusema."

"Ilisema si yeye?"

"Haikusema hivyo pia."

"Basi ilisema nini?"

"Ilisema milango yote ilikuwa wazi. Yote. Hata wa mjomba wangu."

"Sawa. Milango yote ilikuwa wazi. Na aliyeingia kuiba, alipita mlango wa nani?"

Niliwatazama, wamekaa kwenye madawati yale, wananingoja kwa uvumilivu, na kila neno nililolijua la kazi yangu lilikuwa linarudi palepale. Nilisema lilikuwa jina tu. Nilisema mwizi yeyote angechagua mlango huo.

"Tumeelewa. Lakini ulikuwa wa nani?"

"Wake," nikasema.

Minong'ono ilipita darasani, wala haikuwa mikubwa. Shemeji mkubwa aliinuka, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote.

"Wabeja sana," akaniambia. "Umetusaidia."